Maziwa ya Kezia na Jicho la Pasikali

Wasikilizaji wapendwa, Kezia Ndihokubwayo wa Titye, Kasulu, ametutoka Jumatatu. Mtauliza, Kezia yupi? Yule aliyesingiziwa jicho la Pasikali. Leo tuliseme wazi, maana limenong'onwa vya kutosha.

Kezia alivuka kutoka Burundi mwaka 1972, na bintiye Uwimana mgongoni. Akapata shamba Titye. Mwaka 1975 jirani yake, Pasikali, alikuwa akipura maharage, ganda likamrukia jichoni. Kezia alikuwa ananyonyesha mtoto wa pili. Akafanya alivyofanyiwa na mama yake: akamkamulia maziwa jichoni.

Siku ya nne kioo cha jicho kilianza kulainika na kubonyea. Jicho lilikuwa linayeyuka.

Basi maneno yakaanza. Mnaijua desturi yetu: anayekupa kinywaji huonja kwanza, uone hakuna sumu. Maziwa yale aliyaonja nani? Kisimani wanawake wakawa wanangoja Kezia achote aondoke, ndipo wasogee. Pombe yake ya ndizi ililala, hakuna aliyeigusa. Shangazi yake Pasikali akamuuliza usoni, "Huko kwenu mlikimbia nini hasa?"

Kezia hakulala. Akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, na mbele ya watu akajikamulia maziwa macho yote mawili. Siku tatu, macho mazima. Mnadhani walinyamaza? Wapi! Wakasema huyo ana kinga yake. Balozi akatoa neno: Pasikali akipofuka, Kezia ahame.

Pasikali akapelekwa hospitali. Mganga wa macho, Melkiadi, alilitazama jicho lile kwa muda mrefu, likamtia shaka. Kidonda kilikuwa kirefu, lakini jicho halikuwa na wekundu wowote.

"Umeweka nini?"

"Maziwa ya yule mkimbizi."

"Na mfukoni una dawa gani?"

Alikuwa na kichupa cha matone, alichokinunua stendi ya Kasulu. "Hii ndiyo inayonipoza," akasema Pasikali. "Naiweka kila siku."

Melkiadi alimweleza, nami nawaeleza. Jicho likiumia, mwili hutoa vimeng'enya, majimaji yanayoyeyusha nyama iliyokufa ili kidonda kisafike. Yakizidi, yanakula na nyama nzima. Dawa ile ilificha wekundu na maumivu, ikazuia kidonda kufunga, vimeng'enya vikazidi kula. Narudia: jicho lilikuwa linaliwa na mwili wenyewe, na kichupa kikiusaidia. Melkiadi aliongeza kwamba maziwa nayo si dawa ya jicho, yanaweza kuingiza uchafu. Lakini aliyeliyeyusha jicho hakuwa Kezia.

Matone yakasimamishwa, jicho likatibiwa. Likabaki na kovu, linaona kwa ukungu. Pasikali akarudi, akamweleza balozi ukweli, na Kezia akabaki na shamba lake.

Uwimana ameniambia hivi: "Nilimuuliza mama kwa nini hatukuhama tu. Akasema, 'Nimeshakimbia mara moja, mwanangu. Mara hii ingebidi wanibebe.'"

Uwimana na ndugu zako, poleni sana. Watu wa Titye, poleni.

Jana nilimfuata Mzee Pasikali. Akasema, "Nilimwambia balozi. Kezia mwenyewe sikumwambia. Miaka yote hii, tunapakana shamba." Kesho tukimzika Kezia, atamwambia kaburini.

Wasikilizaji wapendwa, yupo mtu mliyemdhania vibaya, na bado yu hai. Nendeni leo, angali anasikia.