Popo wa Pua ya Kiatu

Benchi la Malinya liko mbele ya kibanda cha kahawa cha Emily, na asubuhi hiyo katikati ya vikombe palilala popo aliyekufa. Kanali, bawabu mstaafu asiyevua koti la kazi, alikuwa amemwokota karibu na shimo la dhahabu lililoporomoka mwezi uliopita na kumfukia Elvis, mtoto wa Osundwa. Walichimba mdomo wa shimo mpaka wakachoka. Ikasemwa kwamba limeziba lote, hakuna hewa huko chini, na Osundwa akakubali waache. Jumamosi wakazika mgomba mahali pa mwili, kama inavyofanywa mtu asipopatikana. Sasa alikaa mwisho wa benchi na kahawa isiyonyweka, akiomba moyoni waongee chochote kingine.

– Hiyo ni ndege, alisema Wakili, ambaye jina hilo alilipata kwa mdomo wake tu. Kitu inaruka, itakuwa nini ingine?

– Ndege gani iko na meno na inanyonyesha? alijibu Daktari, muuzaji wa dawa za ng'ombe.

Akalikunjua bawa taratibu.

– Hii ni mkono. Vidole ndio hizi, zimerefuka tu, ngozi ikatandazwa katikati. Na hii fupi ya kucha ni kidole gumba.

Osundwa alitazama bila kupenda. Gumba la Elvis lilikuwa limepinda tangu utotoni, na kwenye mgomba hapakuwa na gumba lolote.

Daktari alikuwa ameshapata moto. Akaeleza kwamba popo si wa ukoo mmoja. Wale wakubwa wa matunda, wenye macho makubwa na uso wa mbwa, hulala mitini. Huyu ni wa ukoo mwingine kabisa: macho madogo, na puani nyama iliyojikunja mfano wa kiatu cha farasi. Sauti humtoka puani, hugonga kitu na kumrudia, naye hujua njia gizani. Makao yake ni mapango na mashimo, ananing'inia amejifunika mabawa.

Wakili hakukubali kufunikwa. Alisema pua hiyo ni ya kunusa dhahabu, na kuna matajiri wanaowafuga popo hawa kwa siri.

– Dhahabu gani? alisema Kanali. Hiyo ni simu. Watu wa chini wanatupigianga nayo, sisi hatushiki.

Kanali akaona alichosema, akakohoa, akainamia kikombe.

– Elvis alikuwa anazionanga hizi, Osundwa alisema polepole. Kwa ile handaki ya zamani ya wakoloni, ile ilizibwa kitambo, shimo yao ilitokea huko ndani kabisa. Alisema ndiyo mahali wachimbaji wanapumzikanga.

Jepkorir, aliyeolewa kijijini juzi kutoka Nandi, alikuwa amesimama kando akingoja Emily amjazie chupa ya kahawa. Aliinama kidogo kwa heshima.

– Samahani wazee. Huyu amekufa lini?

– Usiku wa leo, Daktari alisema. Bado ni laini.

– Na huko ndani anakulanga nini?

– Hakuna chakula huko. Jioni anatokanga nje kushika wadudu, akishiba anarudi kulala.

Jepkorir akamwangalia tena popo.

– Sasa kama shimo liliziba lote, huyu amekuwa akitokea wapi?

Wakili alitazama barabara. Kanali alianza kulikunja lile bawa, akaliacha vile vile. Emily alisahau chupa mkononi, kahawa ikafurika na kumwagika chini.

Osundwa aliweka kikombe benchini. Alivuka kwenda nyumbani kwake, akarudi na koleo lile lile la Jumamosi, likiwa bado na udongo wa kaburi, akawapita bila kuwatazama, akashika njia ya handaki la zamani.