Jina Kwanza, Wino Baadaye: Historia ya Marehemu Ghati Marwa Nyamhanga, 1962–2015

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1962, saa kumi na moja alfajiri, katika kijiji cha Nyamwaga, Tarime, alizaliwa mtoto wa kike, wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Marwa Nyamhanga na mkewe Nchagwa, akapewa jina la Ghati, na saa hiyo tunaijua kwa uhakika kwa sababu baba yake, aliyekuwa karani wa mnada wa ng'ombe, aliiandika kwa penseli ndani ya jalada la daftari lake, ambalo nimeliona kwa macho yangu. Mimi ni Ernesta, binti yake wa kwanza, nasoma historia hii kwa niaba ya familia, na kama kuna tarehe nitakayoikosea naomba nisahihishwe leo hii hii, maana mama asingependa kosa lizikwe pamoja naye.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akasoma sekondari Musoma na kumaliza kidato cha nne mwaka 1980, na mwaka uliofuata akajiunga na Jeshi la Polisi, akapata mafunzo Moshi. Mwaka 1986 alipelekwa Dar es Salaam kusomea utambuzi wa alama za vidole, na tarehe 5 Septemba 1988 alihamishiwa Kasulu, mahali ambapo alikuwa hajawahi kupasikia, akashuka kwenye basi na sanduku moja, lenzi, na kopo la wino alilolifunga ndani ya kitenge ili lisimwagike.

Tarehe 8 Desemba 1990, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Mwalimu Renatus Sylvesta, mwenyeji wa hapa Busunzu, na siku hiyo mashemeji walimpokea kwa utani ambao hawakuuacha hadi mwezi huu, wakisema, "Sasa tumekwisha, hata nyama ya chunguni hatutaidokoa tena, huyu atapima vidole," naye akawajibu kwamba nyama ya chunguni haihitaji lenzi, maana midomo yao tayari ilikuwa inang'aa mafuta. Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi mwaka 1991, na mdogo wangu Isack mwaka 1994.

Tarehe 2 Julai 2007, akiwa na cheo cha Stafu Sajenti, aliteuliwa kuwa msimamizi wa kitengo cha alama za vidole katika ofisi aliyokuwa akifanyia kazi, na kuanzia siku hiyo hakuna fomu iliyotoka bila sahihi yake. Sheria yake kwa vijana ilikuwa moja, jina kwanza, wino baadaye, yaani usimpake mtu wino kabla hujaandika jina lake juu ya fomu na kumsomea akalisikia, kwa sababu fomu mbili zikianikwa mezani zikauke, zote zinafanana.

Sasa nisome jambo ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisomwe, na ambalo Konstebo Felisiani, aliyepo hapa, ameniruhusu kulitaja pamoja na jina lake. Duka la Mzee Abdulrahmani pale Kasulu lilivunjwa, alama za mkono wa kulia zikapatikana kwenye kioo cha kabati, na Jumanne, tarehe 12 Novemba 2013, watu wawili waliokamatwa kwa kushukiwa walichukuliwa alama za vidole na Felisiani, aliyekuwa na wiki tatu tu kazini. Siku hiyo ofisi ilikuwa ikisubiri ugeni kutoka mkoani, kila mtu akiharakishwa, Felisiani akapaka wino kwanza, akaanika fomu zote mbili, akaandika majina baadaye, na mama, ambaye kwa kawaida aliita kila mtu na kuangalia mkono wake kabla ya kusaini, saa tatu na dakika kumi asubuhi alisaini zote mbili akiwa amesimama. Alama za kioo zilifanana na fomu yenye jina la Reverien, mfyatua matofali kutoka Mabamba, hivyo mwenzake akaachiwa, naye Reverien akapelekwa rumande, akakaa huko miezi mitatu huku mkewe akisikia kwa majirani kwamba vidole havidanganyi.

Jumatano, tarehe 19 Februari 2014, mama alikwenda mahakamani kutoa ushahidi, na alipokuwa akisubiri barazani mshtakiwa aliletwa, akamwona mtu mzima, akasema, "Shikamoo mama," akainama na kumpa mikono yote miwili pamoja na pingu zake, kama watu wa kwao wanavyosalimia, hata kama anayesalimiwa amekuja kumfunga. Mama aliipokea mikono ile, na badala ya kuiachia akaigeuza, kwa sababu alikuwa amehisi kovu gumu lililokatiza ncha za vidole vinne vya mkono wa kulia, akamuuliza limetoka wapi, naye akajibu, "Nilishika panga upande usio wake, mama, nikiwa na miaka saba, nusura vidole vibaki shambani." Kovu la namna hiyo haliondoki, nayo fomu yenye jina la Reverien, ambayo mama alikuwa nayo kwenye jalada kwapani, ilikuwa na vidole kumi visivyo na mkwaruzo.

Afisa mmoja aliyekuwa naye alimvuta pembeni, akamwambia, "Dada Ghati, umebakiza miaka michache ustaafu, ingia useme ulichoandika, mengine mwachie hakimu," na mama alimjibu, "Sahihi ni yangu, siyo ya hakimu." Aliingia, akaapa, akaieleza mahakama kwamba hawezi kuisimamia fomu aliyoisaini, akaomba mshtakiwa achukuliwe alama upya mbele ya wote, na ilipofanyika hivyo kovu lilionekana wazi, nalo likakutwa pia kwenye ile fomu nyingine, iliyokuwa na jina la mtu aliyeachiwa. Ijumaa, tarehe 21 Februari 2014, Reverien aliachiwa huru, na tarehe 3 Machi mama alipewa onyo la maandishi, akalipokea, akalisoma mara mbili, akasahihisha namba ya kumbukumbu iliyokuwa imekosewa, akasaini.

Nyumbani tulidhani yameisha, lakini kwake yalikuwa yanaanza, kwani alisema kama aliweza kusaini akiwa amesimama siku moja, nani anajua amesimama siku ngapi, na kama kuna mtu mwingine amelala gerezani kwa ajili ya mkono wake. Aliomba kibali cha kupitia upya fomu zote alizosaini tangu awe msimamizi, jumla yake elfu moja mia moja arobaini na sita, nje ya saa za kazi, na Felisiani akajitolea kukaa naye, kila jioni, mmoja akisoma, mwingine akiangalia.

Mwezi Septemba 2014 marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo, akatibiwa Kasulu, kisha Mwanza, ambako tarehe 20 Oktoba 2014 aligundulika kuwa na kansa ya ini, akapewa likizo ya ugonjwa, na kwa idhini ya wakuu wake nakala za fomu zilizobaki zikawa zinaletwa nyumbani na kurudishwa ofisini na Felisiani. Alifariki nyumbani Kasulu, Jumamosi, tarehe 16 Mei 2015, saa nane na robo mchana, akiwa na fahamu zake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kasulu na Mwanza, majirani waliotuletea kuni na maji bila kuitwa, wakuu wake wa kazi na askari wenzake, Mzee Abdulrahmani aliyetoa gari la kumleta hapa Busunzu, na ndugu Reverien na mkewe, waliofika jana kutoka Mabamba na matofali ya kujengea kaburi hili.

Namalizia na siku moja. Alhamisi, tarehe 23 Aprili 2015, saa kumi na mbili jioni, fomu ya mwisho ilifungwa, na katika zote hizo hapakuonekana jina lingine lililokaa juu ya mkono usio wake, mama akasema, "Haya basi," akalala usiku kucha bila kuamka, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu Februari ya mwaka uliotangulia. Asubuhi iliyofuata aliomba kiti kitolewe barazani, akamwita Felisiani, akamwambia alete wino, rola na fomu tupu, akaandika juu yake Ghati Marwa Nyamhanga, akamtaka alisome kwa sauti, kisha akampa vidole vyake, kimoja kimoja, vile ambavyo kwa miaka ishirini na tisa vilishika vya wengine, na fomu ilipokauka akamwonyesha nafasi ya sahihi ya msimamizi, akamwambia, "Hapo ni pako." Felisiani alikaa chini, akachukua lenzi, akaulinganisha kila mstari na mkono wa mama, ikapita nusu saa nzima kabla hajasaini, na mama hakumharakisha, alimsubiri, kisha akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, akaomba uji, akaumaliza wote.

Pumzika, Mama, zote zimeangaliwa.