Mwalimu Choolwe Shimunza, Aliyewapatanisha Watu wa Mto Kafue

Marehemu Mwalimu Choolwe, tuliyezoea kumwita BinaMoonga, yaani mama yake Moonga, alizaliwa hapahapa Maala tarehe 14 Juni 1951, binti wa tatu wa Mzee Namushi.

Alisoma shule ya misheni Kasenga, kisha chuo cha ualimu Monze, alikohitimu mwaka 1972. Alifundisha darasa la kwanza hadi alipostaafu mwaka 2003. Wengi mnaolia hapa leo, yeye ndiye aliyewashika mkono mkaandika “a”.

Mwaka 1975 aliolewa na Bw. Habeenzu Shimunza, mfugaji. Mungu akawajalia watoto watano.

Alipostaafu, bwawa la huko juu lilikuwa limekwisha kuyavuruga majira ya mto. Mbuga zilikauka, samaki hawakuzaliana. Wenye bwawa walipokubali hatimaye kuwasikiliza wanavijiji, wanavijiji wenyewe wakagombana: wavuvi walitaka maji yakae, wafugaji yaondoke upesi. BinaMoonga, mwenyekiti wa kamati ya mto, akawaambia, “Haya, tokeni hapa hamjapatana, muone kama bwawa halitawaamulia!” Wakakaa tena chini. Wakaafikiana maji yafunguliwe Machi 2006, kisha yapunguzwe polepole.

Uamuzi huo ulizamisha shamba lake mwenyewe la mahindi, pale ukingoni. Mumewe alihamaki.

“Mwalimu, umetuzamishia chakula kwa mkono wako!”

“Baba Moonga, mahindi tutanunua Namwala. Nyasi zinauzwa duka gani?”

Mzee alinuna majuma kadhaa. Maji yalipopungua, akawakuta ng’ombe wake wamezama hadi tumboni katika majani mabichi. Jioni ile alirudi na kibuyu cha maziwa ya mgando, akakiweka mbele ya mkewe. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Tangu mwaka 2018 alisumbuliwa na shinikizo la damu, na Januari mwaka huu wa 2021 akapata kiharusi. Wanakamati walipokwenda kumjulia hali hospitalini Choma, walianza kubishana palepale kitandani juu ya maji ya mwaka huu. Moonga alitaka kuwatoa nje.

“Waache, mwanangu,” alisema kwa shida. “Wakinyamaza nitadhani nimeshazikwa.”

Alifariki tarehe 9 Machi, asubuhi, maji yakiwa yameshaingia mbugani.

Ameacha mume, watoto watano, wajukuu kumi na wawili, na wavuvi na wafugaji waliobeba jeneza lake pamoja leo. Mama, pumzika kwa utulivu. Kubishana na kupatana tumebaki nako sisi.