Fundi Chesisi na Chumba cha Rangi

Ndugu, majirani, na mafundi mliofunga karakana zenu ili mje kumsindikiza mwenzenu, familia imenikabidhi mimi, dada yake anayemfuata kwa kuzaliwa, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Chesisi na baadhi yenu hamkuwahi kujua kwamba analo jingine. Karatasi hii nimeiandika mwenyewe, mjane wake ameisoma jana mchana mezani kwake, amenisahihisha tarehe moja, na hakufuta neno. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kwamba nitakayoyasoma yamenitoka tu kwa uchungu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, chumba cha mwisho karibu na lango la malori, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa baba yetu, aliyekuwa dereva wa lori la magogo, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alilitambua lori la baba kwa mlio wake kabla hajajua kutamka neno baba, naye baba alikuwa akimjibu kwamba mtoto ana akili, amemjua anayemlisha.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza mwaka 1974, akaendelea na sekondari na kuhitimu kidato cha nne Novemba 1978, kwa alama nzuri za fizikia na ufundi, na kwa alama za historia ambazo baba alizitazama, akairudisha karatasi ndani ya bahasha, akaomba maji ya kunywa.

Machi 1979 aliajiriwa kuwa fundi mwanagenzi katika karakana ya idara ya barabara, upande wa malori mazito, na huko ndiko alikolipata jina lake, kwa sababu gari likifika alikuwa analala chali chini yake kwanza, anaikagua chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, kutoka mbele hadi nyuma, ndipo atoke amsalimie mwenye gari. Wengi wenu mlizoea kuzungumza na miguu yake. Mkubwa mmoja wa idara alisimama akingoja mpaka akachoka, akauliza, "Fundi, hata salamu hakuna?" na sauti ikatoka chini ya gari, "Nimeanza na mgonjwa, mzee, msindikizaji vumilia kidogo."

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na wifi yangu, aliyekuwa karani wa stoo ya vipuri hapo hapo karakanani, na ambaye mpaka leo anaeleza kwamba alichumbiwa kwa kisingizio cha boliti, maana mtu mmoja hawezi kuhitaji boliti kila asubuhi. Walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza ambaye ni mwalimu, mwana wa pili ambaye ni fundi wa kuchomelea, na binti wa mwisho ambaye yuko chuoni. Alikuwa baba mkali kuhusu viatu vilivyochafuka na mpole kuhusu karibu kila kitu kingine.

Mwaka 1995 karakana ya idara ilifungwa, magari yake mabovu yakaachwa uani yaote nyasi, na kaka yetu akawa anayapita kila siku kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jamaa aliyegombana naye. Juni 1996 alianzisha karakana yake kwa ubia na kaka mkubwa wa wifi yangu, ambaye kwetu ni shemeji, na ambaye wakati huo alikuwa muuzaji wa magari. Kazi yao ilikuwa kuyafufua magari ya kale ya porini, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, pamoja na malori ya zamani. Walilivua gari mpaka likabaki chesisi tupu, wakaikwangua kutu, wakachomelea palipooza, kisha wakalijenga upya, kwa nje likiwa lile lile alilolijua babu yako, na kwa ndani likiwa na injini mpya, breki za diski, usukani mwepesi, mikanda ya usalama na kiyoyozi. Kaka alikuwa na sharti lake, kwamba injini yenye nguvu haiingii katika gari kabla breki mpya hazijafungwa na kujaribiwa, na mteja aliyetaka kinyume alirudishiwa ufunguo wake. Shemeji tumpe haki yake, ndiye aliyewaleta wateja, na bila ulimi wake magari yale yangebaki yanapendwa na kaka yetu peke yake.

Sasa nimefika mahali ambapo baadhi ya jamaa walinishauri niruke.

Kwa miaka mingi magari yale yalipakwa rangi ya kawaida, katika banda la wazi, na rangi ilikauka taratibu kwa upepo. Mwaka 2011 shemeji alijenga ukumbi wa maonyesho mbele ya karakana, wenye vioo kuanzia sakafuni na makochi ya ngozi, na akaagiza rangi ya kisasa, ile inayochanganywa na dawa ya kuikausha, ikipulizwa inang'aa kama kioo na inadumu. Rangi hiyo haitaki vumbi hata kidogo, punje moja ikitua inaonekana kama chunusi usoni, kwa hiyo ukajengwa chumba cha bati kando ya banda, na madirisha yake mawili yakazibwa. Sitaficha kwamba kaka mwenyewe ndiye aliyeziba nyufa kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwa mikono yake, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyechukia punje ya vumbi kuliko yeye. Alifanya hivyo kwa kuahidiwa kwamba feni kubwa ya kunyonya hewa, yenye vichujio, ingefungwa kabla ya mwaka kwisha, na kwamba kila anayeingia angepewa barakoa yenye bomba la hewa safi. Shemeji alimwambia mbele ya wifi yangu, "Funga madirisha wewe, feni niachie mimi."

Feni ilifika Februari 2013. Ilifungwa ukumbini. Wateja walikuwa wamelalamika kwamba wakikaa kwenye makochi wanasikia harufu ya rangi, wanaumwa kichwa, basi feni ikawekwa kwenye ukuta unaotenganisha ukumbi na karakana, ili harufu isiwafikie wanaokunywa kahawa. Kaka alipouliza, aliambiwa, "Mzee, hao ndio wanaotulisha, wewe na mimi tumeshazoea." Shemeji hakuwahi kupuliza rangi siku moja katika maisha yake, sijui alizoea nini. Barakoa za bomba hazikuja kabisa, wakaendelea na zile za kitambaa, ambazo kazi yake ni kuzuia unga wa msasa na si mvuke wa dawa.

Naomba mlitazame jambo hili kama lilivyo. Kila gari lililotoka mle lilikuwa na kiyoyozi, kaka yangu alikifunga mwenyewe, akalaza mabomba, akakijaribu kwa kuweka kiganja mbele ya tundu. Mteja mmoja alitaka upepo ufike hadi nyuma anakopanda mbwa wake, na kaka akaufikisha. Mbwa yule alipata hewa safi kuliko mtu aliyemtengenezea.

Wifi yangu alimwambia aache, akamjibu kwamba likimalizika hili lililopo ataacha, na hakukuwa na siku ambayo hapakuwa na gari lililopo. Mwaka 2018 alianza kukohoa, kwanza jioni akirudi kazini, kisha hata siku za mapumziko, na mwaka 2020 alikuwa hawezi kupanda ngazi za kwa binti yake bila kusimama katikati na kujifanya anatazama mandhari. Tulihangaika naye katika zahanati za mtaani, akapewa dawa za mafua na za mzio, mpaka Agosti 2021 alipofika hospitali kubwa na kukutana na daktari mmoja wa kifua, mwanamama asiye na maneno mengi, aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza, "Baba, unafanya kazi gani, na chumba chenyewe kikoje?" Kaka alimweleza, akamchorea hata mlango ulipo. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini, akamwambia kwamba mapafu yake yameungua, kwamba hayatarudi kama yalivyokuwa, na kwamba asiingie tena humo. Hakuingia tena. Lakini gari la kupakwa rangi halikukosa mtu, walichukuliwa mafundi watatu wengine, vijana wenye wake na watoto wadogo, wakapewa barakoa zile zile za kitambaa.

Tangu Novemba 2023 alikuwa anaishi na mtungi wa oksijeni kando ya kitanda. Mtu aliyekuwa akiongea kutoka chini ya lori na kusikika mpaka lango la nje akawa anasema maneno matatu, anapumzika, anasema mengine mawili. Hakuacha utani, muuguzi akija kuupima mtungi alimwambia aangalie na matairi. Mmoja wa wale mafundi watatu alikuja kumtazama mwezi wa Aprili, na wakati wa kuagana alikohoa. Kaka alimshika mkono, akamwambia, "Vunja dirisha." Yule fundi akasema, "Baba, bosi atanifukuza." Kaka akavuta pumzi mara kadhaa kabla ya kumjibu, "Akufukuze unapumua." Nilikuwepo chumbani, nilikuwa nimeshika bakuli la uji, nimeyasikia kwa masikio yangu.

Alifariki dunia tarehe 9 Mei 2024, asubuhi, hospitalini, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mkewe akiwa amemshika kichwa.

Kwa muda wa msiba huu maneno yamekuwa yakisambazwa chini ya maturubai, kwamba marehemu ameuawa na sigara. Juzi nimemsikia shemeji mwenyewe akiwaambia wageni, kwa sauti ya huzuni, "Sigara, ndugu zangu, sigara si rafiki." Kaka yetu hakuvuta sigara hata siku moja. Alikuwa akifukuza wavutaji kwa sababu ya petroli na tina ya kuzimulia rangi, na kati ya waliokaa hapa wapo aliowanyang'anya sigara mdomoni na kuzizima kwenye ndoo ya mchanga. Familia inasema hapa, mbele ya jeneza lake, kwamba hakufa kwa sigara, na anayejua hivyo akarudia kusema kinyume anamzika mara ya pili.

Wengine mmeuliza kwa nini jeneza limekuja kwa pikapu ya jirani yetu muuza mboga, wakati jana lori moja la karakana, la rangi ya maziwa, lilikuwa limeletwa mlangoni, limeoshwa, likiwa na jina la kampuni milangoni na mpiga picha kwenye kiti cha mbele. Lori lile kaka alilijenga mwenyewe, na ni zuri, sitasema vinginevyo. Wifi yangu alitoka nje, akamwambia kaka yake, "Hutaitangaza biashara yako kwa maiti wangu," akafunga geti. Muuza mboga alitandika shuka safi, akaendesha polepole, tunamshukuru.

Tunamshukuru daktari wa kifua kwa swali lake. Tunawashukuru wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa wa zamu ya asubuhi, waliomsikiliza mpaka amalize sentensi. Tunawashukuru majirani waliobeba mitungi ya oksijeni kutoka barabarani kila gari la hospitali liliposhindwa kuingia kwenye kichochoro chetu, waliopika, na waliolala na wifi yangu. Tunawashukuru mafundi wenzake wa zamani wa idara ya barabara, na tunawashukuru wale mafundi wa rangi watatu, ambao wamekaa kule nyuma, na ambao ninaomba wanisikilize kuliko wote.

Nusu ya karakana ilikuwa ya marehemu, na sasa iko mikononi mwa mjane wake. Mlimwona mtoto wao wa pili akifika hapa kwa kuchelewa, akiwa na masizi mikononi, na najua baadhi yenu mlinong'ona. Mama yake ndiye aliyemtuma. Asubuhi hii amekwenda karakanani na mashine yake ya kukatia vyuma, amekata madirisha yote mawili pamoja na fremu, kisha amekata ukuta wa bati wa upande wa barabara kutoka juu hadi chini, na bati lenyewe amelipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na gari lililopulizwa alfajiri ya leo, bosi hakufunga kazi hata kwa msiba, na rangi yake ilikuwa bado mbichi. Hivi tunavyozungumza vumbi la barabara nzima limeshatua juu yake, na shemeji, usiinuke, halifutiki, unajua mwenyewe.

Kaka yetu, umelala. Pumzika kwa amani.