Unga wa Hewa na Umeme

Ngandu, fundi mstaafu wa reli, alikuwa akivuka mto Lualaba kwa pirogi, mtumbwi mrefu wa moteri. Mbele yake mwalimu Rachida alimweleza Mama Mauwa, muuza samaki aliyekutana naye humo humo, habari aliyoisikia redioni: wataalamu wanalisha vijidudu umeme na hewa ya kaboni, ile tunayoitoa puani. Vijidudu vinazaana, vinakaushwa, vinakuwa unga wa kujenga mwili kama nyama.

"Mimi siwezi kula vijidudu, mwalimu," alisema Mama Mauwa.

Ngandu akashindwa kunyamaza. "Mama, vita ilipofunga njia za mashamba, nilichemsha mukaba wa suruali yangu, wa ngozi, siku mbili. Nikaonja, nikaongeza chumvi, nikamuambia muke wangu: bado kidogo! Tangu siku ile nikafunga suruali na kamba, fundi muzima wa reli."

Pirogi nzima ikacheka, naye Ngandu akacheka kuliko wote.

Mama Mauwa hakucheka. "Mwaka ule nilizika mutoto, baba. Unga ule ungekuwako, ningemupa bila kuuliza ni nini."

Ngandu akatazama vidole vyake vya miguu. Aliona mzaha wake wa mukaba umekuwa wa kijinga.

"Lakini umeme iko wapi?" Mama Mauwa akamgeukia Rachida. "Hapa Kindu vijidudu vyako vitakufa njaa kabla yetu."

"Jua iko, mama!"

"Na siku ya mvua?"

Pirogi ikagota ukingoni. Ngandu akajitwika beseni la samaki la Mama Mauwa bila kuombwa, akapanda mteremko, maji ya samaki yakimchuruzika shingoni, na wanawake wakibishana nyuma yake.