Dada Aliyebuni Bodi ya King'ora

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Nyaya, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi ya malori.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo cha ufundi alikohitimu stashahada ya elektroniki mwaka 2001, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika karakana ya vifaa vya hospitali, alikofufua mashine mbovu huku akizitukana kana kwamba zinasikia. Tarehe 6 Agosti 2005 alifunga ndoa na dereva wa lori, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa binti na mvulana.

Mdogo wetu wa kike aliolewa mwaka 2012 na mwanamume tuliyemwita Mpole, maana mbele yetu hakuwahi kupaza sauti, kumbe ndani alimvunja taya, akamkanyaga tumbo mpaka mimba ikaharibika, na kila simu tuliyompa aliibamiza ukutani. Alipotorokea kwetu, Mpole alimfuata na panga akamrudisha.

Nyaya akamwambia mdogo wetu, "Simu anazijua. Nitakutengenezea kitu asichokijua."

Maisha yake yote alikuwa ametengeneza bodi za saketi za umeme zilizobuniwa na wengine, hii ndiyo ikawa yake ya kwanza, akakaa kwenye kompyuta akichora njia za shaba, chipu yenye programu katikati, kitufe na redio ya kutuma mawimbi pembeni, akafuta, akachora upya, akaagiza kiwandani. Bodi ilipofika aliichomelea vifaa, akaiwasha, ikafuka moshi, kwa kuwa alikuwa amegeuza miguu ya chipu, naye akasema, "Haya, nimepika chipu, karibuni mezani," akacheka, halafu akaingia chumbani akalia, kwa sababu wiki ileile mdogo wetu alikuwa amechomwa pasi mgongoni.

Bodi ya pili ilikubali. Aliificha nyuma ya kabati la jikoni la mdogo wetu, king'ora kimoja akakifunga kwa mwashi, jirani wa ukuta mmoja, kingine kwake mwenyewe, mtaa huohuo.

Jioni ya tarehe 9 Juni 2021 Mpole alifunga komeo akashika nyundo, mdogo wetu akabonyeza kitufe, ving'ora vikalia, Nyaya akakimbia peku, akaingilia dirishani, akamlalia mdogo wake juu, na mapigo yote yaliyobaki yakamshukia yeye, kichwani na mgongoni, mpaka mwashi na majirani walipovunja mlango kwa mabega na kumwangusha yule mtu, ambaye sasa anatumikia kifungo.

Tangu hapo jicho la kushoto la Nyaya halikuona tena, kifafa kikamwanza, mikono ikatetemeka, akawa anaelekeza kwa mdomo na mdogo wetu akichomelea, wakatengeneza bodi kwa wanawake wengine waliokuja kuomba. Alipoulizwa kama anajuta, alijibu, "Nilichelewa kuitengeneza, hilo tu." Tarehe 2 Februari 2024 damu ilivuja kwenye ubongo, akafariki wodini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompasua na kumhudumia, wenzake wa karakana waliobeba gharama za dawa, na ninyi majirani, ambao hatutaficha kwamba kwa miaka mlisikia vilio mkaongeza sauti ya redio, lakini siku ile mlikuja.

Pumzika, dada yetu, amani iwe yako, mdogo wako yu hai.