Doa Linalong'aa Kwenye Dashibodi

Igoki alikaa nyuma ya dereva wa kukodi, akiwasikiliza abiria wawili wa mbele wakibishania Peugeot hiyo hiyo waliyopanda, ya marehemu mumewe, Kithaka. Shemeji yake ndiye aliyekuwa akiiuza, kwa hiyo hawakumjua.

"Nikishainunua, hii shaba nabandua yote," alisema kijana aliyekaa katikati, akigonga dashibodi iliyofunikwa kwa shaba nyekundu yenye nakshi ya majani ya kahawa. "Naweka kitambaa na redio ya maana. Gari si altare."

Mzee wa Kianjokoma aliyekaa kando yake alivua kofia. "Kijana, mtu alifua hii kitu jani kwa jani. Utaibandua na bisibisi?"

"Na bisibisi, ndiyo, mzee."

"Na hapa, mbona panang'aa peke yake?"

Shaba yote ilikuwa imefifia isipokuwa doa moja, dogo kama sarafu.

"Pengine alikuwa anazimia sigara hapo," kijana akacheka.

Kithaka hakuwahi kuvuta sigara. Miaka yote, kila alipoanza kuteremka Nithi, mteremko uliojaa ajali, aliweka kidole gumba pale, akanyamaza mpaka avuke daraja. Igoki alitaka kusema. Akaegemea mbele.

Kisha barabara ikainama kuelekea mto Nithi. Lori likapiga honi nyuma yao. Kidole gumba cha kijana kikaenda chenyewe kwenye lile doa.

"Lakini nitaibandua," alisema gari liliposimama Chogoria.

Kidole alikuwa bado hajakiondoa.